Mashine Inayokula Kioo

Katika magereji na vyumba vya chini vya nyumba za Marekani kuna mashine ndogo ambayo wengi wanaoihitaji huijenga wenyewe. Viungo vyake ni vya kawaida: mota iliyong'olewa kwenye mashine ya kufulia iliyoharibika, mkanda, puli mbili, fito mbili za chuma zilizovikwa mpira, na kipande cha bomba nene la plastiki lenye vifuniko pande zote mbili. Chupa kuukuu hushikizwa katikati ya bomba hilo isigonge ukuta, vipande vifupi vya waya wa shaba nyekundu humiminwa ndani na nje yake, huongezwa maji na kiasi cha unga wa kung'arishia, kisha bomba hulazwa juu ya fito na kuviringika usiku na mchana kwa siku kadhaa. Chupa iliyoingia na ukungu mweupe hutoka ikimeremeta. Wanaoijenga husema wamesafisha chupa. Nasema hapana, na ushahidi wangu ni nasaba ya mashine yenyewe. Ukifuata kila kiungo chake hadi kilikotoka, hutafika kwa dobi wala kwa mwosha vyombo. Utafika kwa mkata vito, kwa msaga lenzi na kwa mfua chuma. Mashine hii inakula kioo, na anayeiwasha anaumba uso mpya mahali pa ule uliokuwapo.

Ili kuelewa kwa nini mtu avumilie ngurumo ya mota siku nzima kwa ajili ya chupa tupu, sharti turudi hadi wakati chupa ilipopoteza thamani. Mpaka mwisho wa karne ya 19, chupa nyingi za Marekani zilipulizwa kwa pumzi ya mtu. Mpulizaji alichota kioo kilichoyeyuka kwa ncha ya bomba la chuma, akakipuliza ndani ya kalibu, na mdomo wa chupa ukamaliziwa kwa mkono. Wavulana wadogo ndio waliofungua na kufunga kalibu na kukimbiza chupa za moto kwenye tanuri la kupoozea; Michael Owens, kwa mfano, aliingia kazini katika kiwanda cha kioo huko Wheeling, West Virginia, akiwa na umri wa miaka 10. Ni Owens huyo ambaye mwaka 1903, akitegemea fedha za Edward Libbey wa Toledo, Ohio, aliipata mashine iliyonyonya kioo kutoka tanuruni na kutoa chupa kamili bila mpulizaji. Katika muda mfupi chupa ikawa rahisi kiasi kwamba hakuna aliyeona hasara kuitupa. Ajira ya watoto katika viwanda hivyo nayo ikapungua, na hilo halina cha kusikitikiwa. Lakini pamoja nayo zilitoweka alama za mkono: mapovu ndani ya kioo na shingo iliyopinda kidogo. Kilichokuwa kasoro mbele ya msimamizi wa kiwanda kikaja kuwa ndicho kinachotafutwa na mkusanyaji.

Chupa hizo zilizopulizwa kwa pumzi zilitupwa wapi? Mijini, kabla ya mabomba ya maji taka na magari ya takataka, sehemu kubwa iliishia katika choo cha shimo nyuma ya nyumba au kwenye jaa la mtaa. Hapo ndipo ugonjwa wa kioo ulipoanzia, na inafaa tukae kidogo juu ya jambo hili kwa sababu mjadala wote unalitegemea. Kioo cha chupa ni mchanga wa silika ulioyeyushwa pamoja na magadi na chokaa. Magadi huufanya mchanga uyeyuke kwa joto la chini zaidi, na chokaa hukipa kioo uwezo wa kuhimili maji. Uwezo huo una mpaka. Katika udongo wenye unyevu, sodiamu iliyomo kwenye uso wa kioo hutoka polepole na haidrojeni ya maji huchukua nafasi yake. Kinachobaki ni utando mwembamba wenye silika nyingi, uliolainika na wenye nyufa zisizoonekana kwa macho. Utando ukijengeka juu ya utando, mwanga unaorudi kutoka kila tabaka hukutana na kutoa rangi za upinde wa mvua, zilezile zilizomvutia Louis Comfort Tiffany katika vioo vya kale vya Kirumi hata akatafuta njia ya kuziiga kiwandani kwake New York. Zaidi ya hapo, watu walikuwa na desturi ya kumwaga chokaa na majivu chooni ili kupunguza harufu. Vyote viwili huufanya unyevu kuwa wa alkali, na alkali ikiwa kali hufanya zaidi ya kutoa sodiamu: huanza kumega silika yenyewe. Shimo lililoikinga chupa isivunjike ndilo lililoitafuna. Kwa hiyo ule ukungu haukujipaka juu ya kioo kama masizi juu ya sufuria. Ni kioo kilichokwisha kubadilika, na ndiyo sababu sabuni, siki na brashi haviuondoi.

Wakusanyaji walipojitokeza kwa wingi, walikuta hali hiyo. Mwaka 1959 wapenzi wa chupa kuukuu waliunda chama chao huko Sacramento, California. Kufikia 1969 vyama vya namna hiyo vilikuwa vimetosha kuunda shirikisho, na mwaka uliofuata Cecil Munsey alichapisha mwongozo wake mkubwa wa ukusanyaji wa chupa. Katika miaka hiyo watu walikwenda na majembe kwenye miji ya wachimba dhahabu iliyohamwa huko California na Nevada, na mijini wakafukua vyoo vya shimo vilivyofukiwa zamani. Walitafuta chupa za dawa za Kimarekani, zile zilizodai kuponya kila kitu kabla ya sheria ya vyakula na dawa ya mwaka 1906 kuwabana watengenezaji. Walitafuta chupa za pombe chungu ya tumbo kama ya Hostetter wa Pittsburgh, chupa za soda, chupa za wino. Kizuri chajiuza. Chupa iliyotoka ardhini ikiwa angavu ilipata mnunuzi mara moja, na pacha yake yenye ukungu ilibaki mezani kwa bei ya kutupa. Tofauti hiyo ya bei, kuliko usafi, ndiyo iliyowatuma watu kutafuta dawa. Wengine walipaka mafuta ndani ya chupa ili ukungu ujifiche, hila inayodumu hadi mafuta yakauke. Wengine walitumia asidi ya haidrofloriki, ambayo hung'arisha kioo kwa kukiyeyusha lakini pia hupenya ngozi na kufunga kalisi ya mwili, na mtu anaweza kufa kwa kumwagikiwa kiasi kidogo tu. Ukilinganisha na asidi hiyo, bomba linaloviringika juu ya fito lilikuwa nafuu ya kweli, na sitaki kulinyima sifa hiyo.

Sasa tuifuate nasaba. Pipa linalozunguka halikuanza kwa chupa. Viwanda vya kusubu chuma vya karne ya 19 vilitumia mapipa ya namna hiyo kuondoa mchanga na ncha kali kwenye vyuma vilivyotoka kwenye kalibu: vitu viliachwa visuguane vyenyewe kwa vyenyewe hadi vilainike. Kutoka huko pipa lilifika kwa wakata vito, na baada ya Vita Kuu ya Pili likaingia majumbani, wakati kukusanya na kung'arisha mawe kulipokuwa burudani ya watu wengi magharibi mwa Marekani. Jarida la Lapidary Journal, lililokuwa likiwaandikia watu hao, lilianza mwaka 1947. Jiwe lililowekwa katika pipa hilo linatazamiwa kupungua, na asiyetaka lipungue hana sababu ya kuliweka humo. Shaba nayo ina ukoo mrefu zaidi. Wakata vito wamesaga mawe magumu juu ya visahani vya shaba kwa karne nyingi, kwa kanuni ambayo kwanza inaonekana kinyume na akili: metali laini hushika chembe ngumu za unga, zikazama ndani yake na kuacha ncha zikichomoza, hivyo kinacholika ni jiwe gumu zaidi kuliko shaba yenyewe. Katika bomba la chupa ni vilevile. Shaba ina ugumu wa 3 katika kipimo cha Mohs na kioo kina takriban 5.5, kwa hiyo kipande cha waya peke yake hakiwezi kukwaruza chupa. Kikishabeba unga kinageuka kuwa msasa mzito, chenye uzito wa karibu mara tisa ya maji, kinachojikunja kuingia kila pembe ya herufi zilizoinuka kwenye kioo.

Unga ndio shahidi mkubwa kuliko wote. Wajenzi wa mashine hizi huanza na silikoni kabidi, kitu ambacho Edward Acheson alikipata mwaka 1891 na ambacho tangu hapo kimekuwa riziki ya viwanda vya mawe ya kunolea. Humalizia na unga laini wa oksidi ya alumini, ya seriamu au ya bati. Oksidi ya bati ni unga ambao mafundi wa lenzi walikuwa wakiutumia zamani za Isaac Newton, naye katika kitabu chake cha mwaka 1704 kuhusu mwanga, Opticks, alieleza kazi yake bila kuzunguka: kung'arisha kioo ni kukikwaruza kwa chembe ndogo mno, mpaka mikwaruzo iwe midogo kiasi cha kutoonekana. Wataalamu waliokuja baadaye walibishana naye. George Beilby, mwanzoni mwa karne ya 20, aliona kuwa uso unaong'arishwa huteleza na kujitandaza kuliko kuondolewa, na leo inafahamika kwamba unga wa seriamu hufanya kazi kwa kemia pamoja na msuguano. Lakini hakuna hata mmoja katika mabishano hayo yote aliyedai kwamba uso wa zamani unabaki. Iwe umekwaruzwa, umetandazwa au umeyeyushwa kidogo, uliokuwapo umeondoka.

Mchango wa mjenzi wa nyumbani ni kuviunganisha vitu hivyo kwa gharama ndogo, na mchango huo ni mkubwa kuliko unavyosemwa. Mashine za kufulia zilizotupwa Marekani zilimpa mota ya robo au theluthi ya nguvu ya farasi, inayozunguka mara 1,725 kwa dakika kwa umeme wa mizunguko 60 kwa sekunde. Mwendo huo haufai hata kidogo. Bomba la kipenyo cha sentimita 15 likizidi takriban mizunguko 109 kwa dakika, shaba hubanwa ukutani kwa nguvu ya mzunguko na haianguki tena, na pasipo kuanguka hakuna kazi. Kwa hiyo mjenzi huweka puli ya sentimita 5 kwenye mota na ya sentimita 25 kwenye ufito, mwendo ukashuka hadi 345. Ufito wenyewe, ukiwa na kipenyo cha sentimita 3 pamoja na mpira wake, hulizungusha bomba la sentimita 15 mara 69. Hapo shaba hupanda upande mmoja na kuporomoka taratibu. Kwa chupa nyembamba ataongeza puli kubwa zaidi apunguze tena. Umeme na maji vikiwa jirani namna hiyo, fundi makini huinua mota juu ya usawa wa bomba na kuifunika. Haya ni maarifa ya kweli ya ufundi, yaliyopitishwa kutoka kwa mkusanyaji mmoja hadi mwingine, na anayeyadharau kwa sababu yalizaliwa katika gereji hajui maarifa mengi ya viwandani yalizaliwa wapi.

Mkusanyaji mwerevu atanijibu hivi: umekiri mwenyewe kwamba ukungu ni kioo kilichougua, kwamba chupa haikutoka kiwandani nao. Basi kuuondoa ni kuirudisha chupa ilivyokuwa. Hoja hii ina uzito na haijibiwi kwa neno moja. Ni kweli kwamba utando haukuwapo siku chupa ilipouzwa. Lakini chini ya utando hakuna uso wa siku ile unaosubiri kufunuliwa, kwa kuwa uso wa siku ile ndio uliogeuka utando. Tena ugonjwa hauli kwa usawa. Sehemu moja huzama zaidi kuliko nyingine, kwa hiyo ili chupa ing'ae kote, unga unalazimika kushusha hata sehemu nzima hadi zilingane na zilizolika. Maneno yaliyoinuka kwenye kioo, ambayo ndiyo yaliyokuwa makali na wima siku ya kwanza, hupoteza ukali wake shaba ikikaa muda mrefu. Wakusanyaji wenye uzoefu hulijua hilo kwa kidole: herufi zilizopitia pipa kupita kiasi huteleza. Kinachopatikana ni chupa nzuri iliyokaribiana na ile ya kwanza, na ukaribu si utambulisho.

Na kuna kinachopotea ambacho ukungu hauhusiki nacho kabisa. Kabla ya mashine ya Owens chupa ilikuwa mali, ikajazwa tena na tena. Mwanaakiolojia Jane Busch alipoandika mwaka 1987 juu ya matumizi ya pili ya chupa, alionyesha jinsi biashara hiyo ilivyokuwa pana, na hata serikali ya Marekani, baada ya kuruhusu pombe tena mwaka 1933, iliona haja ya kulazimisha chupa za pombe kali ziandikwe onyo la kukataza kuuzwa au kujazwa tena, onyo lililodumu kutoka 1935 hadi 1964. Kujazwa huko huacha alama. Msomaji wa Afrika Mashariki ameziona: chupa ya soda iliyokwenda na kurudi kwenye kreti miaka mingi huwa na pete nyeupe za mikwaruzo pale ilipogusana na wenzake. Chupa ya mwaka 1870 iliyochakaa hivyo kwenye kitako inatuambia kwamba iliishi muda mrefu kabla ya kutupwa, na kwamba tarehe ya kutengenezwa kwake haiwezi kuwa tarehe ya shimo. Tahadhari ya namna hiyo inahitajika sana, maana maandishi peke yake hudanganya: mitungi ya kuhifadhia matunda iliandikwa tarehe ya hataza ya John Mason, 30 Novemba 1858, na ikaendelea kuandikwa hivyo hadi ndani ya karne ya 20. Hatua ya kwanza ya silikoni kabidi hukusudiwa kufuta mikwaruzo hiyohiyo. Mabaki yaliyokauka ndani huenda nayo. Meli ya mvuke Bertrand ilipozama katika mto Missouri mwaka 1865 ikielekea machimbo ya Montana, tope liliihifadhi shehena yake. Ilipofukuliwa mwaka 1968 na 1969, chupa zake zilikuwa na thamani kwa historia kwa sababu zilitoka na vilivyomo, pamoja na masanduku yaliyosema zilikokuwa zikienda. Hakuna kiasi cha mng'ao ambacho kingeweza kununua habari hizo.

Pingamizi la mwisho ni lile lenye nguvu zaidi kwangu. Chupa hizi ni mamilioni, huambiwa. Zilitupwa na wenyewe, nyingi hazina habari yoyote mpya ya kutoa, na kama si mtu aliyezifukua na kuziweka dirishani zingesagwa na matrekta ya wajenzi. Nakubali sehemu kubwa ya maneno hayo. Chupa ya kawaida ya dawa ya kikohozi, iliyotoka kwenye jaa lililokwisha kuvurugwa, haina siri itakayopotea katika bomba la plastiki, na mtu anayeipa siku nne za umeme na subira ili mwanga upite tena ndani yake anaipenda kuliko aliyeiacha. Ninachokataa ni mantiki ya jumla, kwamba wingi wa kitu unaruhusu kukitendea lolote. Wingi hujulikana baadaye. Siku ya kufukua, chupa ya aina moja tu iliyobaki na chupa yenye ndugu elfu kumi hufanana, zote zikiwa na matope. Tena soko lina haki yake: anayeuza chupa iliyopitia pipa bila kusema anauza kazi ya mikono yake kwa jina la mpulizaji wa mwaka 1860. Wakusanyaji waaminifu wameliona hilo siku nyingi, na kati yao ni kawaida kutaja wazi kwamba chupa imeviringishwa. Desturi hiyo yenyewe ni ungamo. Hakuna muuzaji anayejisikia kulazimika kutangaza kwamba aliiosha chupa yake kwa sabuni.

Sheria ya Marekani ilichelewa kufika kwenye chupa. Sheria ya mambo ya kale ya mwaka 1906 iliandikwa kwa ajili ya magofu na mabaki ya wenyeji wa asili. Ile ya mwaka 1979 ndiyo iliyoweka kipimo cha miaka 100 kwa mabaki ya kiakiolojia yaliyomo katika ardhi ya serikali kuu, na huko California mji uliohamwa wa Bodie umekuwa hifadhi ya jimbo tangu 1962, ambako kuokota hata kipande cha kioo hakuruhusiwi. Kwetu nako lipo pengo la kuangaliwa. Vipande vya vioo vilivyoletwa na wafanyabiashara wa Bahari ya Hindi, ambavyo mwanaakiolojia Neville Chittick alivifukua Kilwa, vina utando uleule wa rangi, navyo viliandikwa na kupimwa. Lakini Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanzania ya mwaka 1964 huhesabu tarehe yake kutoka mwaka 1863, na chupa za bia, dawa na soda zilizoingia pwani enzi za Wajerumani na Waingereza zimekuja baada ya hapo. Zinafukuliwa kila msingi wa nyumba unapochimbwa katika miji yetu ya kale. Kwa hiyo nawaomba wanaozipata, na hasa vijana mafundi ambao mota ya zamani na bomba la plastiki haviwezi kuwashinda: kabla ya kuijenga mashine hii, ipigeni chupa picha ikiwa na udongo wake, andikeni ilitoka kina gani na ilikuwa pamoja na nini, kitazameni kitako chake kwa lenzi, na iliyo ngeni msiitie ndani ya bomba mpaka mtu wa makumbusho ameiona.